Uzito wa Kasi

Gari la kwanza duniani kuvuka kilomita 100 kwa saa halikuwa na tone la petroli ndani yake. Lilikuwa la umeme, na dereva wake, Mbelgiji Camille Jenatzy, alikuwa akishindana na gari jingine la umeme.

Ushindani huo ulianza Desemba 1898 huko Achères, karibu na Paris, Mfaransa Gaston de Chasseloup-Laubat alipoendesha gari la umeme la Jeantaud kwa zaidi ya kilomita 63 kwa saa. Ikaandikwa kuwa rekodi ya kwanza ya kasi ya nchi kavu. Jenatzy, mtu wa ndevu nyekundu ambaye naye aliunda magari ya umeme, akamtaka wapimane. Wakapokezana rekodi kwa miezi kadhaa, leo huyu, kesho yule, mpaka majira ya kuchipua ya 1899 Jenatzy alipokuja na chombo chenye umbo la risasi, mota mbili nyuma na tairi za Michelin, akakipitisha kwa kilomita 105 na ushee kwa saa. Alikiita La Jamais Contente, asiyetosheka kamwe.

Msomaji alishike hilo kabla hatujaenda mbali, kwa sababu mjadala wa leo kuhusu mustakabali wa magari ya spoti huendeshwa kana kwamba umeme ni mgeni aliyebisha hodi juzi. Umeme ndio uliokuwa mwenyeji. Hata jina ambalo wapenzi wa injini hulitaja kwa heshima kubwa kuliko yote, Porsche, lilianzia huko: kijana Ferdinand Porsche, akiwa mwajiriwa wa kiwanda cha Lohner mjini Vienna, aliunda gari lililokuwa na mota ndani ya magurudumu yenyewe, nalo likaoneshwa katika Maonesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900.

Sasa kwa nini umeme uliondoka? Jenatzy mwenyewe anatupa jibu kwa mwenendo wake. Mwaka 1903 alishinda Kombe la Gordon Bennett nchini Ireland, mbio za kilomita mamia, akiendesha Mercedes ya petroli. Umeme ulimfaa kwa kilomita moja au mbili za kuvunja rekodi, lakini haukuweza kumbeba kutwa nzima. Kilo moja ya petroli hubeba nishati ya karibu kilowati-saa 12. Betri ya risasi na tindikali haifikishi hata nusu ya sehemu moja ya mia ya kiasi hicho. Ni kweli mota hutumia nishati yake vizuri zaidi, maana asilimia 90 na zaidi hugeuka mwendo, ilhali injini hupoteza sehemu kubwa kwa joto. Lakini pengo lilikuwa pana mno kuzibwa na ufanisi. Mwaka 1912 Cadillac ilipoweka starta ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, dereva akaacha kuhangaika na mkono wa chuma wa kuwashia, na sababu ya mwisho ya mtu wa kawaida kununua gari la betri ikatoweka. Petroli ikashinda kwa sababu ya uzito. Tuliweke neno hilo mkononi, tutalihitaji mbele.

Miaka themanini iliyofuata ndiyo iliyolea gari la spoti tunalolijua. Sitaipitia yote. Inatosha kusema kwamba katika muda huo kasi, mngurumo na umahiri wa dereva vilishikamana hata vikaonekana kitu kimoja. Mtazamaji wa Safari Rally alijua gari linakuja kabla hajaliona; mwaka 1971, na tena 1973, lililotangulia kufika lilikuwa Datsun 240Z, gari la spoti la Kijapani la milango miwili ambalo tope na mawe ya Afrika Mashariki havikulishinda. Mara ya pili usukani ulikuwa mikononi mwa Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na aliyekuja kushinda Safari mara tano.

Kando ya waliotafuta nguvu palikuwa na shule nyingine, na ndiyo inayonigusa zaidi. Mwingereza Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, aliamini kwamba nguvu za farasi ukiongeza, gari litakwenda mbio kwenye barabara iliyonyooka, lakini kilo ukipunguza litakwenda mbio kila mahali. Chapman alifariki mwaka 1982, na wanafunzi wa fikra zake wakatoa ushahidi wao bora mwaka 1996: Lotus Elise, chasi ya alumini iliyounganishwa kwa gundi, uzito wa kilo 725 hivi. Injini yake ilikuwa ya kawaida tu, ya Rover. Raha yake ilikuwa kwenye kona, pale usukani ulipomweleza dereva kila kokoto iliyopitiwa na tairi.

Kwa hiyo inashangaza kwamba gari hilo, jepesi kuliko wenzake wengi, ndilo lililochaguliwa kubeba betri.

Habari hiyo inaanzia California. Mhandisi Alan Cocconi alikuwa ameshiriki katika gari la majaribio la General Motors lililoitwa Impact, lililozaa EV1 mwaka 1996. Kampuni ile ilitengeneza EV1 zaidi ya elfu moja za kukodisha, kisha ikayarudisha na kuyaponda mengi yake. Cocconi, akiwa na kampuni yake ndogo ya AC Propulsion mjini San Dimas, aliunda gari la spoti la umeme lililoitwa tzero. Mwanzoni lilitumia betri za risasi, na hata hivyo liliweza kuyaacha nyuma magari ya spoti ya gharama mara kadhaa. Kisha akaja Martin Eberhard, tajiri mdogo wa teknolojia aliyekuwa akitafuta gari la spoti lisilochafua hewa. Akachangia fedha ili betri za risasi zing'olewe na mahali pake ziwekwe seli za lithiamu, zilezile ndogo mithili ya betri za tochi zilizokuwa ndani ya kompyuta za mpakato. Ziliingia seli 6,800 hivi. Gari likapungua uzito kwa zaidi ya kilo 200, likaongeza umbali linaoweza kwenda mara tatu, na bado likawa na kasi zaidi ya lilivyokuwa.

Kila ninaposoma habari za mwaka ule wa 2003 naona kwamba hapo ndipo mambo yalipogeuka, si baadaye. Kwa miaka mia moja gari la umeme lilikuwa limepimwa kwa mapungufu yake. Hapa kwa mara ya kwanza lilitamanika.

AC Propulsion hawakutaka kulitengeneza kwa wingi. Eberhard na mwenzake Marc Tarpenning wakaanzisha kampuni yao Julai 2003, wakaiita Tesla. Mwaka uliofuata Elon Musk akaingia na fedha. Hesabu yao ilikuwa rahisi. Betri ni ghali, kwa hiyo gari la kwanza lazima liuzwe kwa watu wasioogopa bei, na watu hao hununua magari ya spoti. Wakaingia mkataba na Lotus, na kutokana na misingi ya Elise ikatoka Tesla Roadster, iliyooneshwa Santa Monica mwaka 2006 na kuanza kufikia wateja mwaka 2008.

Ndani ya miaka hiyo miwili palikuwa na misukosuko ambayo vitabu vya biashara huipenda. Giaboksi ya hatua mbili ilikuwa ikivunjika kwa msukumo wa mota, ambayo hutoa nguvu yake yote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Mwishowe wakaachana nayo, wakaboresha mota, wakabaki na gia moja. Eberhard akaondolewa kwenye uongozi mwaka 2007. Ninachokitazama mimi ni mizani. Betri ya Roadster ilikuwa na uzito wa kilo 450 hivi, zaidi ya nusu ya Elise nzima ya mwanzo, na gari lote likavuka kilo 1,200. Lilikwenda karibu kilomita 390 kwa chaji moja na kufika kilomita 97 kwa saa katika sekunde zisizofika nne. Yalitengenezwa takriban 2,450, kisha mwaka 2012 Tesla ikafunga ukurasa huo na kwenda kwenye magari ya familia, ambako ndiko lengo lake lilikokuwa tangu awali.

Gari la spoti likawa limefungua mlango, na waliopita ni wengine.

Hadi miaka ya 2010 mtu angeweza kuamini kwamba wenye magari ya spoti watafaidi zaidi kuliko wote. Mate Rimac, kijana aliyezaliwa Livno, Bosnia, na kukulia sehemu ya maisha yake Ujerumani na Kroatia, alikuwa na BMW ya mwaka 1984 ambayo injini yake ilikufa akiwa kwenye mashindano. Akaweka mota mahali pake, akaanza kushinda, na mwaka 2009 akaanzisha kampuni. Gari lake Nevera lina karibu nguvu za farasi 1,900, na Aprili 2023 lilivunja rekodi 23 kwa siku moja. Kabla yake, Juni 2018, Romain Dumas alipanda mlima Pikes Peak nchini Marekani na Volkswagen I.D. R kwa dakika 7 na sekunde 57, akivunja rekodi ya Sébastien Loeb kwa zaidi ya sekunde 16. Huko juu hewa ni nyepesi na injini hupungukiwa pumzi. Mota haina pua.

Lakini wakati huohuo kasi ilikuwa ikishuka bei. Mwaka 2021 Tesla ilianza kuuza Model S Plaid, gari la milango minne lenye nafasi ya watoto nyuma na farasi zaidi ya 1,000. Baba anayepeleka watoto shule angeweza kuyaacha kwenye taa magari ambayo kaka yake aliweka picha zake ukutani. China ikaja na kishindo zaidi: Xiaomi, kampuni ambayo wengi wetu tunaijua kwa simu, ikapeleka gari lake SU7 Ultra kwenye barabara ya mbio ya Nürburgring, Ujerumani, na mwaka 2025 likazunguka kilomita zake 20 na ushee kwa dakika 7 na sekunde 5 hivi. Septemba mwaka huohuo, kwenye uwanja wa majaribio wa Papenburg, Yangwang U9 Xtreme ya BYD ilifika kilomita 496 kwa saa na kuipita Bugatti Chiron iliyofika 490 mwaka 2019.

Kuna jambo ndani ya gari hilo la BYD ambalo msomaji wa Kiswahili hafai kulipita. Seli za kompyuta zilizoendesha Tesla Roadster zilikuwa na kobalti nyingi, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, karibu asilimia 70, hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa Lualaba na Katanga ya Juu. Kolwezi, mji wa madini hayo, ni mji wa Waswahili kwa lugha: Kiswahili cha Katanga ndicho kinachosikika sokoni na kwenye mashimo ambamo wachimbaji wadogo hushuka kwa kamba na jembe. Wao ndio waliobeba mwanzo wa habari hii mgongoni, na majina yao hayakuandikwa kwenye rekodi yoyote. Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha kuuza kobalti nje ili kuinua bei iliyokuwa imeanguka, kisha Oktoba ikaweka mgao. Lakini betri ya BYD ni ya chuma na fosfeti, haina kobalti. Gari lililovunja rekodi mwaka ambao Kongo ilijaribu kuushika usukani wa soko halikuwa na haja na kobalti ya Kongo. Sijui kama kuna habari nzito zaidi ya hiyo kwa Kolwezi, na ningependa izungumzwe huko kwa sauti kama inavyozungumzwa Shenzhen, kwenye makao ya BYD.

Turudi kwa wanunuzi. Mwaka 2024 Mate Rimac, ambaye sasa aliongoza pia Bugatti, alieleza waziwazi kwamba matajiri wanaonunua magari ya bei za ajabu hawayataki ya umeme. Wanataka kitu cha mitambo, kama wanavyovaa saa za kutia ufunguo ilhali simu huonesha saa sahihi zaidi. Juni mwaka huo Bugatti ikazindua Tourbillon, yenye injini mpya ya silinda 16 isiyo na turbo, ikisaidiwa na mota. Mtu aliyeanza kwa kung'oa injini alikuwa ameagiza mpya, tena kubwa.

Wengi walilichukua tamko hilo kuwa ushahidi kwamba umeme umeshindwa. Mimi naona limethibitisha jambo jingine. Kasi ikishapatikana kwa kila mtu haiwezi tena kuwa sababu ya kununua gari la spoti. Inabaki ile sababu ya Chapman.

Na hapo ndipo uzito unaporudi. Betri za leo zimeboreka sana, lakini seli nzuri bado hubeba robo hivi ya kilowati-saa kwa kila kilo. Porsche Taycan, iliyoanza kuuzwa mwaka 2019 na mfumo wake wa volti 800, ina tani mbili na zaidi. Inakwenda kwa ustadi mkubwa. Lakini kila kilo inayoingia kwenye kona lazima izuiwe na tairi na kusimamishwa na breki, na hakuna programu ya kompyuta inayoifuta. Tena betri ikilazwa chini ya sakafu humwinua dereva, ilhali gari la spoti huanza na mtu kuketi karibu na lami.

Porsche ilijua hayo ilipoamua, mwaka 2022, kwamba warithi wa Boxster na Cayman, magari yake madogo yaitwayo 718, watakuwa wa umeme watupu. Boxster ndiyo iliyoiokoa kampuni hiyo miaka ya 1990 ilipokuwa taabani. Wahandisi waliipanga betri nyuma ya viti, mahali pa injini, ili dereva abaki chini na uzito ukae katikati. Ulikuwa mpango mzuri, na mambo yakaenda kombo moja baada ya jingine. Mauzo ya Taycan yalianguka kwa karibu nusu mwaka 2024, hasa China, ambako wateja walipata magari ya kwao yenye kasi ileile kwa bei ndogo. Mwaka huohuo 718 ya petroli iliondolewa katika soko la Ulaya kwa sababu ya kanuni mpya za usalama wa mitandao ya magari, kabla mrithi hajawa tayari. Northvolt, kiwanda cha betri cha Sweden kilichokuwa tumaini la Ulaya, kikafilisika Machi 2025. Septemba Porsche ikatangaza kwamba matoleo ya juu ya 718 ijayo yatakuwa na injini tena, na mwezi uliofuata ile ya zamani ikaacha kutengenezwa. Kampuni ikajikuta haina gari dogo la spoti la petroli wala la umeme.

Ferrari nayo imerudi nyuma hatua moja. Mwaka 2022 ilisema asilimia 40 ya aina za magari yake mwaka 2030 zitakuwa za umeme. Oktoba 2025 ikapunguza hadi 20. Siku ileile ilionesha mitambo ya gari lake la kwanza la umeme: mota nne, betri ya kilowati-saa 122, uzito wa tani 2.3 hivi. Katika ekseli ya nyuma kuna kifaa kinachonasa mtetemo halisi wa mitambo na kuukuza uwe sauti, kama gitaa la umeme linavyokuza mtetemo wa uzi. Hyundai, kwa Ioniq 5 N ya mwaka 2023, ilichagua njia nyingine, ya kuiga gia na mngurumo wa injini isiyokuwepo, na wengi waliolijaribu wamelifurahia. Bado naiona njia ya Ferrari kuwa ya heshima zaidi, kwa sababu dereva anasikia kile ambacho gari linafanya.

Hata mashindano yamesitasita. Kuanzia 2022 magari ya juu ya mbio za rali za dunia yalifungwa mota ya kilowati 100 pamoja na betri yake. Misimu mitatu yalikimbia Safari Rally huko Naivasha yakiwa hivyo, karibu kabisa na Olkaria, ambako Kenya huchota umeme kutoka kwenye mvuke wa ardhini. Msimu wa 2025 vifaa hivyo vikaondolewa: vilikuwa ghali, na vilikuwa vizito.

Wanaonipa matumaini ni wadogo. Juni 2022, katika mlima wa Goodwood nchini Uingereza, gari la McMurtry Spéirling, lenye kiti kimoja na feni inayolinyonya chini kwenye lami, lilipanda kwa sekunde 39.08, haraka kuliko chombo chochote kabla yake, likiwa na uzito wa tani moja hivi. Mwaka huohuo Alpine ya Ufaransa iliweka betri za gari la kawaida la Renault ndani ya A110 yake na kupata gari la majaribio la kilo 1,378. Julai 2023 Caterham, kampuni ambayo bado inaunda kigari cha Chapman cha mwaka 1957, ikaonesha gari la majaribio liitwalo Project V: mota moja nyuma, betri ya kilowati-saa 55, lengo la uzito kilo 1,190. Hiyo ni pungufu ya Tesla Roadster, iliyokuwa na betri ya ukubwa huohuo hivi miaka kumi na mitano kabla yake. Likifika sokoni na kilo hizo, litakuwa gari la kwanza tangu lile la California kuwapa wapenzi wa kona sababu ya kuiacha petroli, na mpaka sasa ni kilo hizo, si farasi, wanazohangaika nazo.